Mgonjwa sugu wa mapafu nyumbani: hatua zinazompunguzia hatari ya kufa

Mama yangu alipikia kuni kwa zaidi ya miaka 40 huko Lushoto, katika jiko lenye dirisha dogo kuliko sinia, kwa sababu baridi ya asubuhi ya Usambara inataka kila tundu lizibwe. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alipoanza kukohoa na kuhema akitoka sokoni na kapu lake, tulisema ni uzee. Akatibiwa kifua kikuu mara mbili bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi. Baada ya hapo ndipo daktari mmoja alipompulizisha kwenye mashine na kuandika kwenye kadi yake herufi nne: COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na kwenye nchi kama zetu moshi wa jikoni una sehemu kubwa katika vifo hivyo.

Katika miaka ya kumuuguza nimejifunza jambo moja ambalo ningependa ulijue kabla ya mengine yote. Dawa inayompa mgonjwa nafuu leo si lazima iwe ndiyo inayomwongezea maisha. Ile pampu ya bluu ya salbutamoli hufungua kifua kwa saa 4 hadi 6, na ni haki yake kuwa nayo, lakini haipunguzi hatari ya kifo. Mambo yaliyothibitika kuipunguza ni machache. Baadhi hayauzwi dukani, na familia nyingi huyafikia zikiwa zimeshamaliza fedha kwenye sindano na dawa za kikohozi. Nimeyapanga hapa kwa namna ambayo ningependa mtu angenipangia mimi. Vipimo na dozi mwachie daktari wake.

Hatua ya 1: Jueni kwanza ni ugonjwa gani

Kukohoa na kuhema kuna baba wengi: pumu, kifua kikuu, moyo kushindwa kazi, makovu yaliyoachwa na kifua kikuu kilichokwisha kupona, saratani, na huu wa kuziba njia za hewa. Picha ya eksirei peke yake haiwezi kuutambua. Kipimo chake ni spirometri. Mgonjwa anavuta pumzi yote aliyo nayo na kuipuliza kwa nguvu kwenye mrija, kisha anapewa dawa ya kufungua kifua na kupuliza tena. Kama baada ya dawa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza bado haifiki asilimia 70 ya yote aliyopuliza, njia zimeziba. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo, kwa hiyo omba rufaa ya kwenda kwenye kliniki ya kifua, kama ilivyo Muhimbili, KCMC Moshi, Kibong'oto kule Siha, au Kenyatta kwa walio Nairobi.

Hapohapo makohozi yapimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert na mgonjwa apime VVU. Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyompata mama. Miezi 12 ya vidonge vya kifua kikuu ambavyo pengine hakuvihitaji ni miezi 12 ambayo moshi uliendelea kula mapafu yake bila mtu kuuliza anapikia nini.

Hatua ya 2: Ondoeni moshi, wote

Kwa mvutaji sigara hakuna dawa inayoishinda hatua hii. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani na Kanada ulichukua wavutaji 5,887 ambao mapafu yao yalianza kuziba, baadhi wakasaidiwa kuacha na wengine wakaachwa na matibabu ya kawaida. Katika kundi lililosaidiwa ni kama mtu 1 kati ya 5 tu aliyeacha moja kwa moja. Hata hivyo, walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 14, kundi lile zima lilikuwa na vifo vichache. Mzee wa miaka 65 akikuambia "mwanangu, madhara yameshaingia, niachie sigara yangu," mwambie kwa heshima kwamba mapafu hayarudi yalivyokuwa, ila kasi ya kuharibika hupungua tangu anapoacha. Msimsimange. Mpangieni siku ya kuacha, toeni viberiti na visahani vya majivu ndani, na muulizeni daktari kuhusu dawa za kupunguza hamu ya nikotini. Shisha, tumbaku ya kuvuta kwa kiko na bangi navyo ni moshi.

Kwa akina mama wengi wa kwetu adui ni jiko. Kilichotusaidia sisi, tangu lililo bora hadi la dharura, ni hiki. Kama uwezo upo, gesi au umeme kwa mapishi yote, maharage yakiwemo. Watu wengi hununua mtungi wa gesi kwa ajili ya chai, halafu maharage na makande yanarudi kwenye mafiga, na hayo ndiyo yenye moshi wa saa tatu. Loweka maharage usiku kucha, tumia sufuria ya presha, na gesi itatosha. Kama uwezo haupo, mgonjwa asipike kabisa. Najua ugumu wake. Mama aliona kama tumemnyang'anya nyumba yake mpaka tulipompa kiti nje, mbali na moshi, awe ndiye anayechambua mchele na kutoa amri. Na kama lazima apike, iwe nje, kwa kuni kavu kabisa, akikaa upande upepo unakotoka.

Mkaa unadanganya kwa sababu moshi wake hauonekani. Jiko la mkaa lililowekwa chumbani ili kupasha joto hutoa hewa ya sumu inayoua hata mwenye mapafu mazima. Koroboi, udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na takataka zinazochomwa uani vitoke pia. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kinu cha kusaga, karakana ya mbao au machimbo atafute kazi isiyo na vumbi.

Hatua ya 3: Chanjo

Hapa pafupi. Homa ya mafua na nimonia ndizo zinazomsukuma mgonjwa huyu wodini mara nyingi. Ulizieni chanjo ya mafua, ambayo hurudiwa kila mwaka, chanjo ya nimonia ya numokoko, na ya UVIKO-19. Kwa watu wazima mara nyingi utazikuta kwenye hospitali kubwa au kliniki za chanjo za safari, na huenda mkalipia wenyewe. Mjukuu mwenye mafua asilale na bibi.

Hatua ya 4: Pampu itumike ipasavyo

Niliwahi kumtazama mama akijipulizia dawa kwenye ulimi kwa miezi, sisi tukilalamika kwamba dawa ni feki. Dawa ilikuwa nzima. Ilikuwa inaishia mdomoni.

Njia rahisi ya kumsaidia mzee ni chupa. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri hufanya kazi sawa na ile ya dukani. Chukua chupa tupu ya maji, ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ijikaushe yenyewe bila kuifuta ndani (ukiifuta, dawa itang'ang'ania kwenye kuta za chupa). Chukua waya uliopashwa moto, toboa kitako cha chupa tundu lenye umbo lilelile la mdomo wa pampu, ukianza dogo na kulipanua polepole ili pampu ibane. Zungushia gundi ya utepe pasivuje.

Sasa matumizi. Mgonjwa akae wima. Tikisa pampu, ichomeke kwenye kitako. Atoe pumzi nje, afunge midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute taratibu na kwa kina, ashikilie pumzi hadi hesabu ya 10 kama anaweza; akishindwa, apumue kawaida ndani ya chupa mara 5. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa.

Mbali na ile ya bluu, mwenye ugonjwa uliokomaa anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku, inayofungua njia kwa saa 12 au 24. Wale wanaolazwa au kubanwa na pumzi mara kwa mara huongezewa steroidi ya kuvuta, dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, na kwao hao majaribio makubwa yaliyotangazwa 2018 na 2020 yalionyesha vifo vichache zaidi. Kwa asiyebanwa mara kwa mara, steroidi hiyo huongeza hatari ya nimonia bila faida kubwa, kwa hiyo muulize daktari wazi: "Yeye yuko kundi gani?" Akiivuta, asukutue mdomo na kutema.

Pampu nyingi za salbutamoli zina mibonyezo 200. Andika tarehe ya kuanza juu yake kwa kalamu. Ikiisha kabla ya mwezi wakati zamani ilidumu miezi miwili, ugonjwa umepanda na kliniki isisubiri tarehe.

Hatua ya 5: Oksijeni ni dawa, nayo ina dozi

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni wanaoihitaji na hawapewi. Mwaka 1981 Waingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 87 ambao damu yao ilikuwa na oksijeni kidogo mno. Baadhi walipewa oksijeni nyumbani kwa angalau saa 15 kila siku. Baada ya miaka 5 walikuwa wamekufa 19 kati ya 42 waliopewa, na 30 kati ya 45 wasiopewa. Saa 15 hizo ndizo zenye uzito. Kujiwekea nusu saa jioni ukibanwa hakuleti faida hiyo.

Anayefaa ni yule ambaye, akiwa ametulia na hajabanwa, kipimo cha kidoleni cha oksijeni kwenye damu kinasoma asilimia 88 au chini, kwa siku tofauti zilizopishana wiki kadhaa. Anayesoma 89 hadi 93 hana haja ya kuuziwa mashine, kwani utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 wenye watu 738 haukuona faida kwa hao. Nawaomba msiuze ng'ombe kabla ya kupimwa.

Kipimo chenyewe kina hila zake. Kwenye ngozi nyeusi hufika mahali kikasoma juu kuliko ukweli, jambo lililoandikwa sana tangu 2020. Rangi ya kucha na hina nyeusi navyo huvuruga, na vidole vya baridi pia. Chagua kidole kisicho na hina, kipashe joto, subiri dakika nzima namba itulie. Kama kinasoma 90 na midomo imegeuka rangi, amini macho yako na umpeleke. Hospitali ya rufaa inaweza kupima damu ya mshipa wa ateri.

Mkiamua kununua mashine ya kuzalisha oksijeni, pigeni hesabu ya umeme kabla ya bei. Mashine ya wati 350 ikiwashwa saa 15 hula zaidi ya yuniti 5 kwa siku, ambazo ni zaidi ya 150 kwa mwezi. Kwa Tanzania, nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya yuniti 75 itatoka kwenye kundi hilo. Tunzeni mtungi mmoja wa oksijeni uliojaa kwa ajili ya umeme kukatika. Mrija uwe mrefu wa kumfikisha chooni. Jiko, mshumaa na sigara vikae mbali, angalau mita 3, na pua isipakwe mafuta ya mgando, kwa kuwa mafuta na oksijeni huwaka.

Upande wa pili ni oksijeni kupita kiasi, na hili hata wahudumu wa afya hulisahau. Mapafu ya mgonjwa huyu hushindwa pia kutoa kabonidioksidi. Ukimfungulia oksijeni nyingi, hewa hiyo chafu inaweza kujaa kwenye damu, akasinzia, akachanganyikiwa, kisha pumzi ikafa polepole huku namba kidoleni ikisoma 99 na kila mtu amefurahi. Kule Tasmania, Australia, wagonjwa 405 waliobanwa walibebwa na magari ya wagonjwa, baadhi kwa oksijeni nyingi na wengine kwa ile iliyopimwa ifike 88 hadi 92. Waliopewa nyingi walikufa asilimia 9. Waliopimiwa, asilimia 4. Hakuna dawa mpya hapo, ni koki tu iliyofungwa kidogo.

Hatua ya 6: Karatasi ya dharura ukutani

Iandikeni mkiwa na daktari, siku ambayo mgonjwa ni mzima. Ya kwetu ina haya: jina la ugonjwa, dawa zote na dozi, namba yake ya kawaida ya oksijeni akiwa ametulia, maneno "oksijeni 88 hadi 92 tu" kwa wino mwekundu, mibonyezo mingapi ya pampu akibanwa, simu ya mwenye gari tuliyekubaliana naye, kwa sababu bodaboda haiwezi kumbeba mtu anayeishiwa pumzi.

Dalili za kuanza kuharibika ni tatu: kuhema kuliko kawaida, makohozi kuongezeka, makohozi kugeuka manjano au kijani. Zikija, aonwe siku hiyohiyo au kesho yake. Daktari anaweza kumpa prednisoloni, steroidi ya vidonge, kwa siku 5, na antibiotiki kama makohozi yamegeuka rangi. Siku 5 zikiisha, mwisho. Kuna duka la dawa lililokuwa likimchoma mama sindano ya steroidi kila alipopita akikohoa, nasi tukishukuru kwa jinsi alivyochangamka; baadaye sukari ilipanda na mifupa ikalegea.

Ondoka mara moja, hata usiku wa manane, akiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi umegeuka rangi ya majivu, anasinzia katikati ya mazungumzo, anachanganya majina ya watoto wake, au namba iko chini ya 88 ilhali si kawaida yake. Kusinzia ndiko kunakopotosha watu. Wanasema "mwacheni apumzike." Huyo hapumziki.

Hospitalini ulizia kwa upole kama kuna mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa bila kuwekewa mrija kooni. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2000 katika hospitali 14 ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa waliowekewa mapema, kwenye wodi za kawaida. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, nayo isiendeshwe kwa oksijeni ya kasi kubwa kama hewa ya kawaida inapatikana.

Hatua ya 7: Siku 90 baada ya kuruhusiwa

Ndugu hutawanyika siku ambayo mgonjwa anarudi nyumbani, na hapo ndipo hatari ilipo. Miezi mitatu ya kwanza hubeba vifo vingi, vya mapafu na vya moyo. Mpelekeni kliniki ndani ya wiki mbili hata kama anajisikia vizuri.

Na atembee. Huko Marekani, rekodi za wazee zaidi ya 197,000 waliolazwa kwa ugonjwa huu zilionyesha kwamba walioanza mazoezi ya kliniki ndani ya siku 90 walikufa asilimia 7.3 katika mwaka mmoja, na wasioanza asilimia 19.6. Bila shaka walioanza walikuwa pia na nguvu zaidi, kwa hiyo tofauti yote si ya mazoezi. Lakini misuli ya miguu ikilala, kila hatua inadai pumzi zaidi, na hilo mtu analiona kwa macho.

Kama hakuna fiziotherapia karibu, anzeni uani. Akae kwenye kiti, asimame bila kushika, akae tena, mara 5, asubuhi na jioni. Kisha kutembea kwenye kiwanja bapa hadi ahisi anahema lakini bado anaweza kuongea, apumzike, arudie. Wiki ya kwanza dakika 5 zatosha. Ongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, hadi 20 au 30. Akihema, avute kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza kibatari bila kukizima, na ainame mbele mikono ikiwa magotini. Kifua kikiuma au akiona kizunguzungu, aache mazoezi na aonwe.

Hatua ya 8: Uzito, moyo, na vidonge vya kuepuka

Mgonjwa anayekonda ana hatari zaidi. Tumbo likijaa hulisukuma pafu, kwa hiyo milo iwe midogo mara 5 au 6: uji wenye karanga na maziwa, mayai, dagaa, parachichi, maharage. Mpimeni kila mwezi kwa mizani ileile. Kukonda kwa haraka au damu kwenye makohozi kunahitaji uchunguzi upya wa kifua kikuu na saratani.

Miguu ikivimba jioni, upande wa kulia wa moyo huenda umeanza kuchoka. Shinikizo la damu na moyo vitibiwe sawasawa, kwani wengi wa wagonjwa hawa huondoka kwa moyo.

Dawa za usingizi, diazepamu, dawa za kikohozi zenye kodeini, tramadoli ya kununua kiholela na pombe hupunguza msukumo wa kupumua. Zitoeni kabatini.

Hatua ya 9: Muulizeni mwenyewe anataka nini

Tulimuuliza mama siku ya jua, akiwa kwenye kiti chake cha nje. Akasema barakoa atakubali, mrija wa kooni hataki kama daktari haoni njia ya kuutoa tena, na kama kubanwa kutakuwa hakuishi basi apewe dawa ya kumpunguzia dhiki hiyo. Daktari alituambia kwamba morfini ya maji kwa dozi ndogo, ikisimamiwa na watu wa tiba shufaa, wanaopunguza mateso ya mgonjwa asiyeweza kupona, inaweza kufanya kazi hiyo, tofauti kabisa na vidonge vya kujinunulia. Tuliyaandika nyuma ya karatasi ya dharura, akaweka sahihi yake, na nakala moja iko kwenye faili la kliniki.